Kiti cha Mhasibu

Shida ilinianza mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi. Baba alikufa, shule ikaishia darasa la tatu, nikatumwa Ndara kuchunga ng'ombe wa watu. Baadaye nilikata mkonge, nikachoma matofali, nikauza mbuzi Maungu. Sijawahi kulipwa nikiwa nimekaa. Ndiyo maana binti yangu aliposema anataka kusomea uhasibu, niliuza fahali bila kuuliza mtu.

Majirani walinicheka. Niliwajibu: mhasibu hufanya kazi kivulini. Mshahara hauliwi na ndovu. Mvua ikikataa, mwisho wa mwezi unafika tu. Na penye pesa popote, iwe duka, iwe hospitali, iwe kanisa, lazima atafutwe mtu wa kuzipanga. Mpaka leo siyafuti hayo maneno.

Ubaya wa kazi hiyo niliujua mwaka jana. Binti alikuwa ameajiriwa Voi, kwenye kampuni ndogo ya malori. Sisi huku mlimani tulikuwa hatujavuna misimu mitatu. Mama yake anaugua figo. Dawa, nauli ya hospitali, unga, vyote vilitoka kwenye ule mshahara. Jumamosi moja akapanda kuja nyumbani, akakaa jikoni na viatu vyake vya ofisi.

"Baba, naacha kazi."

"Umepata nyingine?"

"Sijapata."

"Basi hujaacha. Umechoka. Lala, Jumatatu urudi."

Akanieleza. Meneja anataka aweke sahihi kwamba malori yalijazwa mafuta ambayo hayakununuliwa, pesa meneja azitie mfukoni. Binti akikataa, anafutwa. Akikubali, siku wakaguzi wakija meneja atasema hajui kitu, na sahihi iliyo pale ni ya binti.

"Wewe si unaandika tu unachoambiwa?"

"Baba, ungekuwa unachunga, nyapara akwambie mchinje ng'ombe wa tajiri, wewe useme ameliwa na simba, ungesema?"

"Ningesema, kama nyumbani kuna njaa."

Mama yake akacheka kule kitandani. "Wewe? Wewe uliyerudisha jogoo wa jirani mpaka mlangoni, na alikuwa amemaliza mahindi yetu?"

Sikucheka. Nilitoka nje nikakaa na mbuzi. Nilikuwa na hasira ya mtu anayeona nyumba inaungua na ndoo imetoboka. Huyu akiacha kazi, mke wangu atakufa. Asipoacha, mtoto atafungwa. Hesabu hiyo hakuna shule inayoifundisha.

Kwetu sisi Wadawida wa huku mlimani, mtoto haondoki na hasira ya mzazi. Atapata ajali, atakosa kazi, atazaa kwa shida. Mzazi anachukua kinywaji mdomoni, anakipuliza nje huku akisema maneno ya kumwachilia. Tunaita kutasa. Mimi ni mzee wa kanisa, na ninatasa. Jumapili binti akakataa kushuka Voi mpaka nitase. Akaniletea kikombe cha maji. Nikajaza mdomo. Maneno hayakuja. Nikameza.

"Umemeza!" mama yake akapiga kelele. Alikuwa amejivuta mpaka mlangoni, ameshika ukuta.

"Nilikuwa na kiu."

"Kiu ya nini, mzee mzima? Unamzuia mtoto kwa ajili yangu, na mimi hukuniuliza. Nikifa nitakuwa nimekufa na ugonjwa wangu. Wewe mtase huyu aende."

Nikachukua maji tena, nikapuliza mpaka kwenye majani. Nikasema, "Hasira itoke. Akose kazi, asikose usingizi." Binti akalia. Mimi pia, na sitafuti wa kunihurumia.

Jumatatu akapeleka barua ya kuacha. Mpaka sasa hajaajiriwa. Anauza nyanya Miasenyi kando ya barabara, na anachopata hakitoshi kumpeleka mama yake kwa daktari.

Wazazi huja kuniuliza kama mtoto asomee uhasibu. Nawaambia asome, ni kazi nzuri. Lakini kwanza uliza nyumba yako itakula nini siku atakapokataa kuweka sahihi. Mimi sikuuliza.

Leo nikihesabu, nina shamba la ekari mbili, nyumba ya vyumba vitatu, tangi la maji, mbuzi saba waliobaki baada ya wengine kuuzwa kwa ajili ya dawa, hisa moja ya ranchi na simu ya tochi. Hakuna kingine.