Nukta Iliyokaa Peke Yake

Nilipokuwa nasomea shahada ya uzamili, nilipoteza karibu mwaka mzima nikichora ramani ya makala. Zilikuwa tafiti kuhusu mitandao ya kijamii, si ile ya simuni, bali ya nani anamtegemea nani maishani. Kila utafiti niliupa nukta, kila nukuu mstari. Mwelekeo ukajitokeza wenyewe: watafiti wa zamani waliingia majumbani kuuliza, wa siku hizi wanakaa ofisini kuchambua data za simu. Niliwadharau hao wa ofisini. Mimi ni Mkurya wa Itiryo, nikajiona ninaweza kuwafundisha kazi.

Nikarudi kwetu na swali la wale wa zamani: taja majina ya watu mnaotegemeana nao.

Jirani yetu alikuwa mzee aliyefiwa na mke. Wanawe watatu walikuwa wakichimba dhahabu Nyamongo, naye akabaki na wake zao. Ndio waliompikia, wakamfulia, wakamchotea maji ya kuoga. Nilipowauliza, kila mmoja alitaja dada yake, mama yake, jirani, kisha akaelekeza kidevu kwenye nyumba ya mzee na kusema, "Na wa pale." Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe. Nimelijua hilo tangu utotoni. Lakini fomu ilitaka jina na mimi nilikuwa na haraka, kwa hiyo mzee sikumwandika.

Siku ya kurudisha matokeo nilibandika ramani ya kijiji kwenye ukuta wa ofisi: kila mkazi nukta, na mstari kutoka kwa kila mwanamke niliyemhoji kwenda kwa aliyemtaja. Niliweka namba badala ya majina. Mzee akaja kuuliza ipi ni yake. Sikupaswa kumwambia, ila huyu alinibeba mgongoni nikiwa mdogo, nikashindwa kumnyima. Nikamwonyesha nukta ya pembeni, isiyo na mstari hata mmoja.

Akaigusa kwa kidole.

"Najua hawawezi kunitaja," alisema. "Hata kunionyesha tu, mjukuu wangu, hawakunionyesha?"

Mwenyekiti alikuwa amesimama hapo, na wazee wengine, na mimi ndiye msomi niliyetoka chuoni. Ningesema kwamba walimwonyesha, ningekuwa nimekiri mbele yao kwamba kazi yangu yote ni mbovu. Nikasema nitaangalia tena karatasi zangu. Kesho yake asubuhi nikapanda gari kurudi chuo. Nilikuwa mwoga, sina neno jingine.

Mzee akaanza kujipikia. Wale wanawake walipeleka ugali mlangoni kwake, akaurudisha. Wanawe walipiga simu kumsihi, akawajibu kwamba karatasi haina sababu ya kumdanganya. Masika yalipoanza alishikwa na kifua, akakataa kupelekwa zahanati na watu wasiomhesabu. Hakumaliza mwezi.

Nilikwenda kuzika. Mke wa mwanawe mkubwa alinipa kiti, akanipa maji ya kunawa, akaniandalia chakula, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, siku ile hukutuona tukikuonyesha?"

Nikamjibu kwamba niliwaona.

Kisa hicho nilikiandika kwenye tasnifu, katika sura ya upungufu wa mbinu za utafiti, bila kusema mzee alikufa. Wasahihishaji waliisifu sura hiyo kuliko zote, nami nikawashukuru.