Mtumbwi Mpya Ulionuka Papa

Mpaka leo nikipita mahali panaponuka mafuta ya papa, mate hunijaa mdomoni na hubidi nitafute ukuta wa kuegemea. Wajukuu hunicheka wakiuliza kama bibi ana mimba. Si mimba. Ni mtumbwi.

Miaka ya themanini nilikuwa bado msichana, nikikaa kwa baba huko Jilore, juu kidogo ya ziwa. Aliyenichumbia alikuwa kijana wa kabila letu, lakini amezaliwa na kukulia Ngomeni, pwani kabisa. Alikuwa na meno meupe, shingo ndefu na maneno matamu, nami, nisidanganye, nilikuwa nimempenda. Aliahidi kuhamia kwetu, avue ziwani na kuwavusha watu, ili nisiende mbali na mama. Kwa ajili hiyo akachonga mtumbwi wa mwembe. Kwetu, siku hizo, msichana hakumjibu mchumba kwa kinywa chake mwenyewe. Alimwambia shangazi, na shangazi akalipeleka neno kwa baba. Basi shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, akaja kutoka Ganda ili tushinde ziwani na huyo kijana, amtazame vizuri, na jioni nimpe jibu langu.

Mtumbwi ulifika juu ya trela la trekta. Tuliunusa kabla hatujauona. Kule Ngomeni chombo kipya hupakwa mafuta ya maini ya papa, yaliyoozea juani mpaka yakawa mazito, ili wadudu wa maji ya chumvi wasitoboe mbao. Ziwa letu halina chumvi wala wadudu hao. Hilo halikumpitikia. Aliupaka nje, akaupaka ndani, akapaka hata vibao vya kukalia, kisha akasimama kando yake akitabasamu kama mtu aliyeleta halua.

"Shikamoo, shangazi," alisema. "Karibu, karibu uketi. Chombo kama hiki huku kwenu hamjapata kukiona."

"Marahaba, baba," shangazi alijibu, leso ikiwa imeziba pua.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kijana yule aliusifu mtumbwi wake kuanzia tulipoondoka ufukoni, mpaka nikatamani ulimi wake upate ganzi. Nami nilikuwa nimevaa gauni jipya la rangi ya maziwa, nililolishona mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo. Nilipoketi tu, nikahisi mafuta yakipenya kitambaa mpaka kwenye ngozi. Jua lilipopanda, mbao zikatoa jasho la manjano, likachuruzika hadi kwenye nyayo zetu. Nzi waliokuwa wakishinda kwenye mavi ya ng'ombe ufukoni wakayaacha wakatufuata sisi. Walitua midomoni mwetu. Nilikuwa nikitema mate majini bila kukoma, na yeye akaniuliza kama nimezoea kutematema hivyo hata nyumbani.

Harufu ningeivumilia. Lakini mtumbwi wenyewe ulikuwa haukai. Alikuwa ameuchonga kama ngalawa za kwao, mwembamba na wenye tumbo la mviringo. Chombo cha namna hiyo hufungiwa matengo, ile miti ya ubavuni inayokizuia kisipinduke. Ya kwake aliyaacha Ngomeni. Nilipomwuliza, alicheka.

"Matengo ya nini hapa? Hiki ni kidimbwi tu. Bata wanavuka."

Basi tukawa tunayumba kwenye kidimbwi. Kila alipopiga kafi upande mmoja, maji yaliingia upande wa pili, na shangazi, aliyekuwa mwanamke mwenye mwili wake, akashika kingo kwa mikono miwili na kufumba macho. Maji yalichanganyika na mafuta yakawa mchuzi wa kahawia unaotufika vifundoni. Kijana aliuchota kwa mkebe na kuumwaga nje. Adhuhuri akatufungulia kifurushi cha ngonda, samaki wakavu wa chumvi, na sima baridi. Kisha, kwa mkebe uleule, bila hata kuusuuza, akachota maji ya ziwa na kumpa shangazi anywe. Juu yake zilielea duara za mafuta na bawa la nzi. Shangazi aliupokea kwa heshima, akausogeza karibu na midomo, akajifanya amekunywa. Mimi nilitapika pembeni.

Nilipoinua kichwa nilikuwa bado namtetea moyoni. Nilijiambia mafuta huoshwa, mkebe hununuliwa mwingine, na mume hufundishika.

Tulipokaribia matete ya ng'ambo, kiupepo kilivuma. Mtumbwi ukalala, maji yakaingia kwa fujo, shangazi akapiga ukelele. Kijana akaligonga kafi kwenye ukingo, karibu kabisa na vidole vya shangazi.

"Wewe mama ndiye unayeniharibia chombo! Mwili huu ni wa kubebwa na lori. Hebu shuka, maji ya hapa ni ya magoti. Utembee."

Kila mtoto wa Jilore alijua kinacholala kwenye matete yale.

"Na mamba?" nikamwuliza.

"Mamba gani atakayemla mtu anayenuka hivi?" alisema, akaangua kicheko, akinitazama nami nicheke.

Sikucheka. Nilimtazama meno yake meupe nikageuza uso, na safari hii si kwa sababu ya papa. Alikuwa ametunukisha mwenyewe, na sasa harufu ile aliifanyia mzaha. Shangazi alijifunga leso kiunoni, akateremsha mguu mmoja, kisha wa pili. Maji hayakuwa ya magoti. Yalimfika kiunoni.

Nami nikashuka.

"Wewe kaa!" kijana alipiga kelele. "Wewe si mzito!"

Nilimshika shangazi mkono, tukaenda tukipapasa matope kwa miguu, nikiwa na hofu ambayo sijapata kuwa nayo tena. Tulifika ukingoni na ruba miguuni. Nyuma yetu nikasikia mtu akiimba. Nikageuka. Alikuwa amepiga magoti katikati ya mtumbwi mtupu, nao sasa unateleza sawasawa, hauyumbi hata kidogo. Aliuzungusha huku na huku, akainua kafi juu.

"Mnauona?" alituita kwa furaha kubwa. "Mnauona unavyokwenda? Hauna kasoro!"

Furaha ile haikuwa ya uongo. Hakuuliza kama tumefika salama.

"Shangazi," nilisema, "mwambie baba sitaki."

Hakuniuliza kwa nini. Alikuwa ameinama, akibandua ruba kwenye ugoko wake, na kila alipomshika ruba akamponyoka. Nikapiga magoti matopeni nikambandulia mimi.