Nilimwambia Baba Mkwe Mashine Inarudisha Yote

Kosa ni langu, jamani. Langu peke yangu! Msinitafutie mtu wa kunisaidia kulibeba. Mume wangu alikuwa Nyangwe akinunua samaki, kompyuta haikuwa na ubovu wowote, na mzee wa watu aliuliza kwa adabu. Ni mdomo wangu tu uliofanya yote haya.

Nimelikalia jambo hili tangu mzee arudi kwake Wamaza. Nikipita sokoni, kila anayecheka nadhani ananicheka mimi. Acha nikuambie wewe usiyenijua, angalau nipumue.

Nina kibanda changu hapa Kasongo, si mbali na soko. Natoa fotokopi, nachapa barua, nachaji simu za watu kwa paneli za jua nilizofunga juu ya bati. Na kwa kuwa nimesoma hadi nikapata diplome ya serikali, cheti cha kumaliza sekondari, watu huniletea kila karatasi ya Kifaransa niwasomee. Nawasomea. Neno ninalolijua nalisema. Neno nisilolijua nalisema pia, tena kwa sauti kubwa zaidi! Ndiyo tabia yangu, na nilikuwa naionea fahari.

Baba mkwe ni mkulima wa Wamaza, kule Kabambare. Alianguka na baiskeli, akavunjika mguu, tukamleta Kasongo atibiwe. Akakaa kwetu na mguu wake ndani ya plasta. Tangu niolewe hakuwahi kuniita kwa jina lolote. Kwake mimi nilikuwa "bibi ya mutoto wangu", yaani mke wa mwanawe, na alilisema hilo hata nikiwa nimesimama mbele yake na sahani ya bugali mkononi. Alitaka mwanawe aoe msichana wa kwao, anayejua jembe, si huyu wa Kasongo anayekaa kutwa nzima akigusagusa vidude.

Mume wangu akiwa safarini, sikuweza kumwacha mzee nyumbani peke yake. Nikawa naenda naye kibandani, namkalisha kwenye kiti cha wateja, mguu juu ya sanduku. Anatazama ukuta. Namsemesha, anaitika "mm".

Siku moja, kwa kukosa la kufanya, nikafungua mchezo ambao binamu yangu wa Kindu aliniwekea kwenye kompyuta. Ni mchezo wa kujenga kiwanda. Unaanza huna kitu, unachimba chuma kwa mikono, unajenga tanuru, halafu mashine, halafu mikanda ya kubeba vitu kutoka mashine hii hadi ile, mpaka kiwanda kinajiendesha chenyewe.

Mzee akageuza shingo.

"Ule mukanda unapeleka nini?"

"Chuma, papa."

"Unapeleka wenyewe? Haina mutu wa kubeba?"

"Haina mutu, papa."

"Sogeza kiti yangu karibu."

Ndugu yangu, yule mzee alishika kipanya cha kompyuta na hakukiachia tena! Aligombana na mashine kama anavyogombana na mbuzi wake. "We tanuru, unalala?" Wateja wakija kutoa fotokopi, anawaambia wangoje, mkanda umekwama. Na asubuhi moja, tukiwa bado hatujamaliza chai, akaniambia: "Mama, twende ku kazi."

Mama! Mimi! Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, kisha nikanawa uso.

Mzee alikuwa na jambo moja kichwani. Mchezo ule una treni. Akaniomba niandike majina ya vituo viwili, Kasongo upande huu na Wamaza upande ule, akaanza kulaza reli katikati.

"Mbele ya kurudia kwangu, nataka nione treni inaingia Wamaza," alisema. "Ata ndani ya machini. Nitaenda kuambia watu, mi nimeiona."

Reli zikafika. Lakini kichwa cha treni kilidai chuma na vipuri vingi kuliko tulivyokuwa navyo. Ndipo tukafungua mashine nyingine, ile inayosaga vitu vya zamani ili viwe vipuri tena. Juu yake kulikuwa na maneno matatu tu ya Kifaransa: rend des composants.

"Mama, inasema nini?"

Hapa ndipo nilipokosa. Rend ni "inarudisha", hilo nalijua. Composants ni vipuri. Lakini inarudisha vipuri vingapi? Vya kitu gani? Vyote, nusu, kimoja? Mashine haikusema! Na kile kineno cha katikati, des, kinachoweza kumaanisha "baadhi tu", ambacho mwanafunzi yeyote hapa anakijua, mimi nilikiruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

Ningeweza kusema, "Sijui papa, tujaribu na kitu kidogo kwanza." Maneno mepesi hayo! Lakini alikuwa ameniita mama. Alikuwa ananitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari. Nikakohoa, nikajibu:

"Inarudisha yote, papa."

"Yote?"

"Yote."

Akatia mashine zake za mwanzo, zile alizozijenga akiwa bado anajifunza, alizokuwa anazipenda kuliko nyingine. Ikasaga, ikasaga. Vikatoka vipuri vichache, vya kujaza kiganja cha mtoto. Mzee akainama, akachungulia nyuma ya kompyuta.

"Zingine ziko wapi, mama?"

Hata hapo ningeweza kujiokoa. Nikatazama nje, nikaona wingu.

"Jua ni kidogo leo, papa. Machini haina nguvu. Jua ikiwa kali, itarudisha yote."

Uongo ulitoka wenyewe, hata sikuutafuta! Tena niliona nimejibu vizuri.

Kumbe mzee ameushika kwa mikono miwili. Siku iliyofuata jua likachoma. Mimi nikaenda sokoni kununua sombe, kisamvu chetu, nikamwachia kibanda. Akatazama angani, akafurahi. Akatia tanuru zote. Akatia mikanda. Akatia hata reli, maana kama inarudisha yote, hakuna kinachopotea! Alitaka avipate vipuri vyote pamoja, ajenge kichwa cha treni, kisha alaze reli upya zikiwa zimenyooka zaidi.

Niliporudi na sombe yangu, kiwanda kilikuwa uwanja mtupu. Kituo cha Wamaza kimebaki porini peke yake na jina lake. Mchezo ulikuwa umeshajihifadhi wenyewe, hakuna pa kurudi nyuma. Mzee ameweka mikono magotini.

"Mama, jua ni kali. Haikurudisha."

Na mimi, mwehu mimi, nikasema, "Labda kesho, papa."

Unajua alifanya nini? Alingoja! Kila asubuhi anafika, anasogelea kioo cha kompyuta, anauliza polepole, "Imesharudisha?" Nami najifanya nina mteja wa haraka. Sijawahi kuona aibu kama ile. Afadhali angenipigia kelele.

Plasta ikaondolewa. Mguu uliunga vizuri, ila ulikuwa bado unamuuma, akapewa vidonge. Siku ya kuondoka, dereva wa pikipiki, motari kama tunavyowaita hapa, akasimama mbele ya kibanda akiiungurumisha. Mzee amefunga mzigo wake. Ana kikombe cha maji mkono huu na vidonge viwili mkono ule, na magotini ameikunjua karatasi iliyotoka ndani ya boksi la dawa. Uso unang'aa.

Mzee hasomi Kifaransa. Lakini neno moja alilijua kwa sura, kwa kulitazama kila asubuhi.

"Mama, kuya uone! Ile neno ya machini iko hapa. Rend. Imeongeza mukia tu. Kumbe ii dawa nayo inarudisha yote! Mi nakunywa mbili sasa, mbele ya kupanda pikipiki. Nikifika Wamaza, nguvu ya muguu itakuwa imesharudia yote."

Nikamnyang'anya karatasi. Iliandikwa: peut rendre somnolent. Neno lile lile kweli, limeongeza mkia, lakini hapa halirudishi chochote. Linasema dawa inaweza kumfanya mtu asinzie. Asinzie! Nyuma ya pikipiki! Barabara ya Wamaza, mashimo yale, na mguu ndiyo kwanza umeunga!

Nikamshika mkono, mkono wa baba mkwe, jambo ambalo kwetu halifanywi, vidonge vikaanguka chini.

"Papa, usikunywe! Mi nilikudanganya!"

Nikamwambia yote pale pale. Kwamba dawa inaleta usingizi. Kwamba sijui mashine inarudisha ngapi, na sikuwahi kujua. Kwamba jua halikuwa na kosa. Kwamba haitarudisha kesho wala keshokutwa. Motari akazima pikipiki ili asikie vizuri, mmbea yule!

"Treni ya Wamaza imekufa?" mzee aliuliza.

"Imekufa, papa."

"Na ulijua?"

"Nilijua, papa."

Akaigeukia kompyuta.

"Mi nilingojea," alisema.

Basi. Maneno mawili hayo yaliniuma kuliko matusi yote ya sokoni.

Kisha akaninyoshea ile karatasi ya dawa.

"Soma yote. Polepole. Pale haujue, sema sijue."

Nikasoma. Nilisema "sijue" mpaka motari akageuka pembeni kucheka. Yale yaliyonishinda tukaenda kumwuliza muuguzi. Mzee akapanda pikipiki bila kunywa kidonge, macho yake yamefunguka vizuri, akaniaga kama anavyoaga jirani. Hakuniita mama.

Sasa sikia hasara yangu. Motari alifikisha hadithi Wamaza kabla mzee hajashuka kwenye pikipiki. Huko wananiita Mama Rudisha-Yote! Na jina limepanda pikipiki hiyo hiyo likarudi Kasongo. Mteja ananiletea karatasi, nikimaliza kuisoma ananiuliza, "Yote?" na wenzake wanaangua kicheko. Mume wangu amerudi na samaki wake, nikamwuliza ameuza wangapi njiani, akajibu, "Yote." Ndani ya nyumba yangu!

Na ile mashine nimeijaribu mwenyewe, kitu kimoja kimoja, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Natia mashine ndogo, inanipa vipuri vya kuhurumia. Natia kipande cha chuma kitupu, inakirudisha kizima. Natia kingine kama hicho hicho, inakimeza, hata harufu huisikii. Sheria yake siielewi mpaka leo, na aliyeiandika nadhani naye alikuwa na haraka ya kwenda sokoni.

Nawe uliyesoma kidogo, uliyezoea kuwekewa karatasi usoni na mtu anayekuamini, nakuomba sana! Pale macho yanapokwama, usijaze kwa mdomo. Sema hujui. Aibu yake utaimeza papo hapo na kuisahau. Yangu mimi imekatiwa tiketi, inazunguka mkoa wetu mzima wa Maniema!

Nimeanza kulaza reli upya, kidogo kidogo, wateja wakipungua. Juzi simu ikalia. Alikuwa papa, amepanda kilima kutafuta rezo ya simu.

"We," alisema. We tu, bila mama. "Ile machini, ukitia kintu moja, inarudisha ngapi?"

Nilikuwa na majibu matatu mdomoni, yote mazuri. Nikayameza.

"Sijue, papa."

Nikaibana simu sikioni.

"Aa," alisema mzee, nikamsikia anacheka. "Sasa ndo umejua Kifaransa, mama."