Posa Mbili Juu ya Korongo

Bi Somoe binti Mwinshehe anakaanga vitumbua Mbagala, ndani kabisa, lami inapoishia na mchanga kuanza. Mie miguu yangu haijui kutulia. Leo utanikuta Ukonga kwa binamu, kesho Kibamba kwa mkwe, lakini asubuhi nyingi hunikuta kwenye kigoda chake, maana anatia iliki bila choyo. Kwa hiyo haya sikusimuliwa. Mengine niliyaona, na mengine niliyabeba kichwani, namaanisha kichwani kweli, kama mtakavyosoma.

Mtaa wao umekatwa na korongo. Upande huu nyumba za watu, upande ule zahanati na shule. Kiangazi unashuka na kupanda, unapigwa vumbi tu. Masika korongo linageuka mto. Masika iliyopita jirani yake, Felicitas, alishikwa na uchungu, akafika ukingoni akakuta maji yamejaa. Alijifungulia pale pale matopeni, wanawake wamemzungushia kanga, Bi Somoe akiwa mmoja wao. Mtoto alipona. Mama yake alipona kwa shida sana.

Sasa mwaka huu mwenye mimba alikuwa Raudha, kitindamimba wa Bi Somoe, na hesabu za wanawake zilikuwa zinaangukia masika. Bi Somoe akasema mbele ya karai la mafuta, watu wote wakisikia, "Mwanangu hazalii matopeni. Nimeshasema."

Daraja lenyewe lilikuwa limeahidiwa. Tena liliahidiwa mara mbili, na hapo ndipo palipoharibika.

Kwanza alikuja Bwana Kuroda, Mjapani aliyekuwa anasimamia ukarabati wa zahanati. Alipima korongo, akasimika vigingi vyeupe, akawapa vijana jezi mpya za mpira. Mwenyekiti wa mtaa, Adelard, mtu wa bara, mpole, akamwambia karibu sana. Haikupita muda akaja Bwana Geng, Mchina, msimamizi wa ujenzi wa barabara kubwa. Naye akapima, akasimika vigingi vyekundu, akashusha mifuko ya simenti ofisini kwa mtaa. Adelard akasema karibu sana. Kwa akili yake, mgeni njoo mwenyeji apone, na wageni wakiwa wawili mwenyeji atapona upesi zaidi.

Geng alipoona vyeupe, akasimama. Kuroda alipoona vyekundu, akasimama. Hawakugombana. Ila kila mmoja ana wakubwa zake mjini, na wakubwa hao wana mashindano yao ya siku nyingi, nani atangulie huko kwao Asia, nani atangulie huku kwetu. Hakuna aliyetaka kuambiwa amepora cha mwenzake, wala aliyetaka kuonekana ameondoka na mwenzake akabaki. Adelard akiuliza anajibiwa, "Wanajadiliana." Vigingi vikakaa, mpaka watu wakaanza kufungia mbuzi.

Vijana nao walijadiliana, kwenye vitumbua.

"Mjapani ndo mwenye kitu," alisema Faraji, bodaboda, ambaye pia ndiye golikipa wa mtaa. "Gari lake linakuzika wewe, linawazika na wanao."

"Na hiyo pikipiki unayolia nayo ya nani?" akamrukia Jamali, fundi simu. "Simu ya nani? Barabara ya nani? Mchina yupo kila kona, braza. Mjapani kabaki na heshima."

"Heshima haiuzwi Kariakoo!"

"Kariakoo kila kitu kinauzwa!"

"Hawa ni Simba na Yanga tu," nikasema mie, nikidhani nasuluhisha.

"Simba nani hapo, babu?" wakauliza wote wawili, na hapo ndipo ugomvi wa kweli ulipoanza.

Bi Somoe akagonga upawa kwenye karai. "Nyie mnabishana nani mkubwa. Wakubwa wote wawili wameshindwa kumvusha mbuzi!"

Halafu akageuka kulitazama korongo. Kitumbua kikaungua, jambo ambalo sijapata kuliona. Akafunika karai, akajitanda kanga, akaenda ofisini kwa Adelard. Nikamfuata.

"Mwenyekiti, umepokea posa mbili," alisema.

"Posa gani tena, Bi Somoe?"

Bi Somoe amekuwa somo wa mabinti tangu ujana wake. Amewafunda wengi na kukaa kwenye posa nyingi, zilizokubaliwa na zilizokataliwa. "Kwetu hakuna posa juu ya posa," akasema. "Mwanamume mwenye adabu akikuta mwenzake katangulia, anakaa pembeni. Hawa wote wana adabu, ndiyo maana wote wamekaa pembeni. Asiye na adabu ni baba wa binti, aliyekula vya huku na vya huku."

"Baba wa binti ndiyo mie?"

"Nani mwingine? Na binti ndiyo hilo korongo. Tuitishe wakazi, posa moja irudi."

Kabla ya mkutano aliwaendea wote wawili na swali moja: wewe, utaanza lini? Kuroda, ambaye Kiswahili chake ni safi kuliko chetu, alimjibu bila kumficha. "Mama, sisi tunapima udongo kwanza, halafu kibali kinatoka kwetu. Tutaanza masika ikiisha." Geng, aliyejifunza Kiswahili kwa vibarua, akasema, "Mama, ishu ndogo hiyo. Mitambo ipo. Hata kesho. Lakini vile vigingi vyeupe, mimi siwezi kugusa."

Mkutano haukuwa mrefu. Yalipigiwa makofi maneno ya Bi Somoe: "Simkatai Mjapani kwa ubaya. Namkataa kwa sababu mvua haimsubiri."

Ila posa hairudishwi kwa mdomo. Inarudishwa na kila kilicholetwa, kisafi, mikononi mwa wazee. Vigingi vyeupe vikang'olewa, vikaoshwa, vikafungwa kwenye kanga mpya. Zikabaki jezi.

"Bibi, fainali Jumapili!" Faraji alikuwa karibu kulia.

"Binti hajaolewa, nyie mnavaa mahari. Vueni."

"Tutacheza vifua wazi?"

"Mama yako alikuzaa kifua wazi. Vua!"

Zikavuliwa, zikafuliwa, zikapigwa pasi. Mie nikapewa sinia la jezi kichwani kwa kuwa nilikuwa na kanzu, Adelard akabeba vigingi, Bi Somoe akatangulia. Tukashuka korongoni, tukapanda, mpaka zahanati.

Kuroda alisikiliza mpaka mwisho. Alipofunguliwa ile kanga akavitazama vigingi vyake vilivyong'aa, akapitisha kidole juu ya kimoja. Uso ulionyesha ameumia, sitadanganya. "Hizi jezi zilikuwa zawadi," akasema. "Hazihusiani na daraja."

"Kwako hazihusiani. Kwetu zinahusiana."

Akachukua moja, ya golikipa, akaikunja. "Hii napokea, ili neno lako lisianguke. Nyingine nazitoa upya, leo, kwa vijana wale wale, kama watoto wa jirani." Akainamisha kichwa. "Nitaandika kwamba mahali pale pako huru. Lakini mwambie Bwana Geng nitakuja kuliangalia daraja lake."

Bi Somoe alilifikisha neno lile jioni ile ile, wala hakulipunguza chumvi. Geng akacheka kwa sauti. "Aje! Tena aje na futi yake!" Kesho yake asubuhi tukakuta shimo la msingi linachimbwa. Lilipangwa lifike kifuani mwa mtu, likaenda mpaka kichwa hakionekani. Nondo nazo zikaongezwa. Vibarua wakalalamika.

"Ukewenza huo," Bi Somoe akaniambia. "Mwenzio akija kunusa chungu chako, mchuzi unaungwa upya."

Fainali Faraji alidaka na fulana ya kampeni, wakafungwa. Mpaka leo anasema ni kwa ajili ya daraja.

Mvua ilishuka daraja likiwa bado halina vyuma vya pembeni. Ilinyesha usiku kucha, na asubuhi korongo likawa linanguruma, maji mekundu yanabeba migomba. Kuroda alikuja na mwavuli kama alivyoahidi. Alisimama katikati ya daraja, akapiga kisigino, akachungulia chini kwenye nguzo. Geng naye akasimama mbele yake, ameloa, mikono nyuma, anasubiri. Sie tuliokuwa ukingoni tulibana pumzi kama siku ya penati.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu. Bi Somoe anakuja, amemshika Raudha kiunoni, na Raudha anatembea hatua, anasimama, anauma ncha ya kanga, anatembea tena. Wakaingia darajani. Wale mabwana walikuwa wameziba njia, bado wanatazamana.

"Nyie wawili," Bi Somoe akasema, wala hakupunguza mwendo, "pisheni."

Wakapisha, mmoja huku, mwingine huku, kisigino ukingoni kabisa. Kuroda akaunyoosha mwavuli juu ya Raudha mpaka akapita. Geng akamkinga kwa mkono upande wa pili, pasipo vyuma. Raudha akavuka, akapanda kuelekea zahanati, na nyayo zake zilikuwa na mchanga tu.