Nilitoa Ushuhuda Mbele ya Wakati

Ndugu zangu wa kikundi chetu cha kusaidiana, leo sikuleta maneno matamu. Niko na kasirani, munisikie hivyo hivyo.

Mimi ni Mama Neema. Nilikuwa nauza maharagi hapa Goma na kuimba korali, bila kujua ugonjwa. Kisha nikaanza kukonda. Mdomo ukajaa vidonda, nikaharisha wiki tatu. Muganga wa hopitali akapima damu, akaniambia niko na virusi vya ukimwi. Akanipa dawa ya kunywa kila siku.

Dawa ilinisaidia. Mwili ulirudi, nikabeba tena magunia. Sasa Papa Pasta alikuwa ameniombea, akaniita mbele ya kanisa nishuhudie kwamba Mungu ameniponyesha kabisa. Nikashuhudia. Watu wakapiga makofi, wakacheza. Na mimi mujinga, juu ya dawa sikusema hata neno moja.

Hapo njo nilijifunga. Mutu amepona, anatafuta nini tena hopitali? Nikaogopa kuonekana kwenye mustari wa dawa. Nikaacha kunywa ili nisiitwe muongo.

Miezi mitano tu. Kikohozi, homa, jasho la kulowesha matandiko. Nilijisaidia kitandani kama mutoto. Lakini moyo njo uliumia zaidi, nilikata tamaa kabisa. Na watu wanakuja, wanakaa, wanasema nisiwaze mingi. Hilo neno linanichokesha mpaka leo! Yaya yangu Jeanine, dada yangu mukubwa, peke yake aliuliza ni nini ninawaza. Nikamwambia yote, nikilia.

Akanifuta uso. "Mungu hakukutuma umusemee uongo. Amuka, twende."

Muganga hakunigombeza. Alisema tutaanza upya, na ilichukua karibu mwaka mzima nipate nguvu. Namushukuru Mungu, yaya, na huyo muganga.

Nilipomwambia Papa Pasta kwamba nitasema ukweli kanisani, aliniomba ninyamaze, nisivuruge waumini. Nilikataa. Jumapili iliyopita nilisimama nikasema ukweli wote: maombi ninapenda, dawa ninakunywa, virusi viko. Hakuna aliyepiga makofi. Niliketi na kasirani yangu.

Kisha, nyuma ya kanisa, mama wawili walinifuata, mumoja mumoja, kila mutu kwa siri yake. Wote waliuliza kitu kimoja: wale wa dawa wanafungua saa ngapi.

Saa mbili asubuhi, ndugu zangu. Muende.