Ganda la Chumvi Juu ya Sekenke

Kila kiangazi, kazi za kushona zikipungua, Zabibu hufunga cherehani yake pale sokoni Singida mjini, akajitwika begi mgongoni na kwenda mlimani. Baba yake, mzee Abdulmajidi muuza vitambaa, alikwisha kuchoka kumuuliza anafuata nini maporini. Jibu lilikuwa lile lile: mwaka mzima macho yake yapo kwenye tundu la sindano, basi angalau siku mbili ayapeleke mbali.

Safari hiyo walikuwa watatu, marafiki tangu sekondari. Nurjehan, ambaye kwao wana duka la vipuri, alibeba hema na chakula. Enock, fundi umeme, Mnyiramba wa huko huko, alibeba madumu mawili ya maji na maneno mengi. Waliteremka kwenye basi chini ya mlima Sekenke asubuhi, wakaupanda kwa miguu, wakapita mashimo ya zamani ya dhahabu, kuelekea ziwa dogo la chumvi lililojificha katikati ya vilima. Maji ya ziwa hilo hayanyweki, lakini ng'ambo yake ipo chemchemi, na hapo ndipo walipozoea kulala.

Mwaka huo mvua zilikuwa za kubabaisha. Nyasi zilivunjika chini ya viatu vyao kama njiti za kiberiti. Njiani walikutana na mchungaji wa makamo, wakamwamkia shikamoo. Aliitikia bila kusimama, akauliza kama wamemwona ng'ombe mwekundu. Waliposema hapana, aliangalia upande wa ziwani kwa kitambo, kisha akashika njia nyingine. Enock alisema huenda ng'ombe naye amekwenda kutalii. Hawakucheka sana. Maji yalikuwa yamebaki kidogo, na kabla hawajafika yakaisha.

Ziwa halikuwapo. Palikuwa na uwanda mweupe unaoumiza macho, na mbali katikati utepe mwembamba wa maji. Ndege waliozoea kujaa pale hawakuonekana hata mmoja. Upepo ulipotulia, Zabibu alisikia mlio mdogo mdogo kila upande, kama mafuta yanayoanza kuchemka kikaangoni. Ilikuwa chumvi, ikipasuka kwa joto.

Nurjehan aliketi kwenye kivuli cha jiwe. Kichwa kilimgonga, midomo ilikuwa imepasuka, na jasho lilikuwa limekatika. Kulizunguka ziwa kungewachukua mpaka jioni. Kukatisha katikati kulikuwa mwendo mfupi tu.

“Mwaka juzi palikauka hivi hivi, tukapita,” alisema Enock.

Zabibu aliziona nyayo za ng'ombe zikiingia kwenye ule weupe. Alizifuata kwa macho. Zilikwenda moja kwa moja, kisha zikakoma. Hapakuwa na za kurudi.

“Enock, ngoja. Tuzunguke.”

“Fundi cherehani unaogopa sakafu? Kaa na mgonjwa. Nawaletea maji.”

Akaondoka, madumu matupu yakigongana mgongoni. Zabibu angeweza kumfuata akamshika shati. Lakini naye alikuwa na kiu, na kiu ilimfanya atamani kuwa amekosea.

Enock alifika mbali kidogo akasimama. Aligeuka akicheka, akasema amenasa. Alipovuta mguu mmoja, wa pili ukazama zaidi. Tope jeusi likatoka chini ya chumvi, likamfika magotini, kisha kiunoni. Akaacha kucheka.

“Zabibu,” aliita.

Zabibu alikimbia mpaka ardhi ilipoanza kucheza chini yake kama godoro. Hapo akalala kifudifudi.

“Usijitikise. Vua madumu, hakikisha yamefungwa, uyalalie!”

Enock aliyavua mgongoni, akakaza vifuniko, akayakumbatia kifuani. Kuzama kukapungua. Nurjehan alikuja akitambaa na hema. Walilitandaza juu ya chumvi, wakafunga kanga zao mbili fundo, na Zabibu akajisogeza mbele kwa tumbo huku Nurjehan amemshika vifundo vya miguu. Kanga ilimfikia Enock kwa shida. Walivuta, wakapumzika, wakavuta tena. Tope lilimwachia kama mchoyo anayetoa chake. Alipotoka hakuwa na viatu wala simu.

Walizunguka ziwa jua likiwa limeinama, Nurjehan akiwaegemea. Chemchemi ilikuwa imebaki uzi tu, nao waliukinga kwa zamu. Enock alikuwa wa mwisho kunywa, na maji mengi yalimwagika kabla ya kufika kinywani.

Asubuhi walirudi kwa njia ya pembeni. Enock alikuwa amejifunga matambara miguuni. Aliomba nyumbani wasimtaje. Wakiulizwa, waseme viatu vimeibwa. Zabibu alisimama ukingoni. Alikuwa anatafuta lile shimo.

Shimo halikuwapo. Tope lilikuwa limejifunga, na juu yake chumvi imeanza kupiga weupe. Zilizobaki ni nyayo za Enock kando ya zile za ng'ombe, zikiingia wazi na safi. Mgeni yeyote angedhani kuna watu wamekwisha kuvuka hapo salama.

“Viatu tutasema viliko,” alisema Zabibu.

Aliweka begi chini, akaenda kukata matawi ya mgunga, akaanza kuyaburuta ukingoni na kuyapanga kama mtu anayefunga mlango wa zizi. Miiba ilimchoma viganja. Baada ya muda Nurjehan akaja na tawi lake. Enock aliwatazama, kisha naye, akichechemea, akainama kushika la tatu.