Sufuria ya Nyama ya Wariara

Wariara alifika Makindu kutoka Murang'a mwaka wa sitini na nne, akimfuata mumewe Gicheru, fundi wa reli. Gicheru alipofariki, watu wa nyumbani walimwita arudi, akakataa katakata. Alianza na chai na mandazi kando ya barabara ya Mombasa, na miaka ya sabini ilipofika katikati alikuwa na hoteli yake ya mabati.

Mpishi wake wa kwanza aliwajazia jamaa zake minofu na kuwaachia wasafiri mchuzi. Wariara alimfuta kazi, akaihamishia sufuria ya nyama kando ya kiti chake, pale alipopokea pesa. Tangu siku hiyo upawa haukushikwa na mkono mwingine. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Basi la mchana ndilo lililowalisha yeye na binti yake Kagure. Siku moja dereva wa basi hilo, Musembi, aliingia amekunja uso.

"Mama Kagure, mimi sitaki maneno na wewe. Lakini watu wanapanda gari na njaa, chakula wamelipia lakini kinachelewa. Na anayetukanwa ni mimi! Ikiendelea hivi mpaka mwisho wa mwezi, nitasimama kwa jirani yako."

Wariara alimgeukia Nthenya, mpishi wake mpya. "Umesikia? Ni hiyo mikono yako mizito."

Nthenya alikuwa akisonga ugali.

Jumapili hiyo kanisani kulialikwa mwalimu wa biashara. Aliwaambia wenye biashara wachague kitu kimoja wanachouza, wakifuate tangu kinapoitishwa mpaka kimfikie mteja, wachore kila kinapopita na kila kinaposimama. "Msichore vile mnataka kiwe," alisema. "Choreni vile kiko." Wariara alitoka akitabasamu. Sasa Nthenya angejionea uzembe wake kwa macho.

Kesho yake alichora kwa makaa ukutani: jiko, kiti chake, meza. Kila sahani iliposimama, aliweka alama. Basi lilipoondoka, alitazama. Jikoni hapakuwa na alama hata moja. Zote zilirundikana penye kiti chake. Sahani za ugali zilikuwa zikipoa miguuni pake, zikingoja nyama, huku yeye akitafuta chenji.

Aliona aibu kweli. Alianza kufuta mchoro kwa leso, kisha akaacha.

"Nthenya, nilikusingizia," alisema. "Peleka sufuria jikoni. Shika na huu upawa."

Siku iliyofuata aliona minofu mikubwa ikipita, akang'ang'ania kiti asiinuke. Musembi alipopiga honi, abiria walikuwa wakichokora meno.

"Hivyo ndivyo, Mama Kagure!" Musembi alisema. "Kesho nakuja na mwenzangu wa basi la Voi."

Mabasi mawili! Nyama ingetosha kweli? Wariara aliruka, mkono umeshaelekea jikoni. Nthenya alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama Kagure," alisema kwa upole, "kaa."

Wariara alikaa.